Mkono wa Pili wa Sweta

Asubuhi ile Felisita alichemsha michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, akaipakua, akamwita mumewe aje ale kabla haijapoa. Hakukuwa na jipya. Maganga alikula amekaa kwenye kigoda mlangoni, jicho lake liko mawinguni, maana pamba ilikuwa imepasuka shambani na mvua ya kuchelewa ingeitia madoa. Felisita alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kwa sababu ilikuwa imeanza kuvimba. Mapajani alikuwa na sweta. Mwili wa sweta ulikuwa tayari na mkono mmoja tayari. Mkono wa pili ulikuwa umeshuka kutoka begani mpaka kwenye kiwiko, na bado uko kwenye sindano.

"Njoo nikupime," alisema.

"Nimechelewa."

"Pamba haina miguu. Njoo."

Maganga akaenda, akachuchumaa mbele yake. Felisita alichukua kipande cha uzi, akakishikiza begani kwa mumewe, akakishusha mpaka kwenye kifundo cha mkono, akapiga fundo hapo, akakata kwa meno. Wakati anampima alisema maneno mawili matatu yaliyomfanya mzee acheke puani. Kisha akautundika uzi ule kwenye msumari ukutani, akarudi kwenye mistari yake. Maganga akabeba viroba vyake akatoka. Hawakuagana. Nani anaaga kwenda shambani?

Aliporudi jua lilikuwa utosini. Alimkuta palepale, mgongo ukutani, kidevu kifuani, mikono imeshika sindano. Maganga aliteremsha kiroba polepole kisilie. Felisita alikuwa amempa amri ya siku nyingi: akimkuta amesinzia asichomoe sindano, vitanzi vitamwagika, amwamshe tu. Basi Maganga alikohoa. Akaita, "Mama Masalu." Akaita tena. Alipomgusa mkono ndipo alipojua, na hata hapo hakuchomoa sindano. Wanawake wa jirani walipofika wakitaka kumlaza, aliwaambia wangoje. Alikunjua vidole vya mkewe kimoja kimoja kutoka kwenye ile kazi, akaipokea nzima, akaiweka kapuni. Ndipo akawaruhusu.

Kazi ile ya sufu haikuwa ya kwao. Felisita alikulia kwenye vikapu. Mama yake alisuka vikapu vya nyasi, na yeye akasuka, na huko Zagayu hakuna mwanamke wa umri wake aliyekosa kikapu chake. Maganga naye alikuwa mtu wa kamba. Kamba zake za katani zilifunga mafahali wa vijiji kadhaa, na kule mnadani watu waliuliza, "Hii ni ya Maganga?" kabla hawajauliza kingine. Sufu ilikuja na presha.

Moyo wa Felisita ulikuwa umeanza kukimbia. Ulikimbia amekaa, ulikimbia amelala. Zahanati walimpa vidonge, wakamwambia apunguze mawazo. Alimuuliza nesi, "Mwanangu, nayapunguzaje? Nayamwaga wapi?" Nesi akacheka, akamwandikia tarehe ya kurudi.

Siku moja alikwenda Bariadi kupima. Akingoja gari la kurudi, alikaa kwenye baraza la mwanamke mmoja aitwaye Jenifer, karibu na soko, ambapo wanawake watatu walikuwa wakifuma. Gari la kwanza likampita. La pili likampita. Alirudi nyumbani jua linazama, akiwa na donge la uzi mkononi na uso ambao Maganga hakuwa ameuona kwa miezi.

"Nipe spoki mbili za baiskeli yako," alisema kabla hata ya kuvua kandambili.

"Baiskeli itakwenda na nini?"

"Itakwenda na zilizobaki."

Maganga alizitoa, akazikata, akazinoa kwenye jiwe mpaka zikawa laini kama mwiba wa samaki. Aliushika na uzi wenyewe, akauvuta, akauzungusha baina ya vidole. "Huu ukimfunga ndama," alisema, "ndama atacheka."

"Sifungi ndama. Nakufunga wewe, na baridi ya Juni."

Uzi mpya ulikuwa ghali, na mwingi wake ulikuwa nailoni. Felisita alinunua masweta ya mitumba, akayafumua, akapata uzi wake humo. Alikuwa na njia yake ya kuyachagua: alichomoa unyuzi mmoja pindoni, akauwasha kwa kiberiti. Ukiyeyuka, analiacha sweta. Ukinuka kama nywele zilizoungua, ananunua. Muuzaji mmoja alimwambia, "Mama, umekuja kununua au kuniunguzia meza?" Felisita alimjibu, "Nanusa kondoo. Hapa sijamwona." Watu wakacheka, muuzaji akapunguza bei mwenyewe.

Jioni walikaa wawili uani, Maganga na katani yake, Felisita na sufu yake. Hakuzungumza akifuma. Midomo ilichezacheza tu, na pumzi ilifuata mikono: kitanzi kikiingia, pumzi inaingia, kikitoka, inatoka. Maganga alijifunza kuisoma mikono ile. Ikienda sawasawa, naye alisokota kwa amani. Ikisimama, kamba yake ilisimama pia, na yeye akabaki amekodoa macho mpaka iendelee. Hakumwambia. Lakini kwa miaka miwili hakusokota kamba hata moja bila kumwangalia mwenzake kwa pembeni.

Baada ya mazishi kapu lilikaa juu ya boriti. Maganga alilitungika huko kwa kuogopa kuku. Kisha akaogopa panya, akalishusha. Akaogopa wajukuu wa jirani, akalirudisha. Usiku alikuwa akinyanyuka kulipapasa kama mtu anayepapasa mlango kuona kama amefunga. Kilichomtisha kilikuwa kidogo tu: vile vitanzi kwenye sindano. Mistari ya juu kabisa, iliyokaribia ile spoki, ilikuwa ya asubuhi ile. Alimwona akiifuma huku yeye anakula michembe. Vitu vyake vingine vyote vilikuwa vya zamani. Hiyo ilikuwa ya mwisho.

Siku ya kuanua matanga, Veronica alikuja. Ndiye mdogo wake Felisita, mwanamke wa mikono myepesi na maneno mepesi, na kazi ya kugawa nguo za marehemu ilikuwa yake. Alikunjua vitenge, akapanga, akaita majina. Maganga alikuwa nje na wazee. Alipoingia kuchukua maji, alimkuta Veronica ameshika sweta kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ameshika spoki.

"Shemeji, hizi si za baiskeli yako? Nimekuchomolea."

Maganga hakupiga kelele. Alikwenda, akalichukua sweta, akaliweka kwenye mkeka kama mtu anayeweka mtoto mwenye homa. Vitanzi vilikuwa wazi, mdomo juu. Kimoja kikateremka mstari mmoja. Akakiona kinateremka wa pili. Cha pembeni yake nacho kikaanza.

"Nimefanya nini?" Veronica aliuliza.

"Nenda kwa wageni, shemeji. Nenda."

Akabaki peke yake na kitu kinachomwagika. Basi mikono yake ikafanya ilichokijua. Kamba ya katani ikianza kufumuka ncha, huiachi: unailowesha, unaitia majivu kidogo isiteleze, unaivingirisha pajani mpaka nyuzi zishikane, unapiga fundo, unakaza kwa meno. Maganga alitema mate, akachota majivu jikoni, akavikusanya vitanzi vyote pamoja, akavivingirisha pajani kwa kiganja, kwa nguvu, akilowesha, akisugua, akilowesha tena. Akapiga fundo la kufungia ng'ombe. Akakaza.

Vikasimama. Havikuteremka tena. Maganga alikaa chini, jasho linamtoka, akashukuru.

Asubuhi yake alilitazama sweta kwenye mwanga. Mahali pa mistari palikuwa na donge gumu la kijivu, kubwa kama kokwa la embe. Alijaribu kulilegeza kwa ukucha. Alijaribu kwa mwiba. Hakikuonekana kitanzi hata kimoja. Asubuhi ya Felisita ilikuwa humo ndani, na yeye ndiye aliyeifungia.

Akalifunga sweta kwenye kitenge, akalitia kwenye ndoo yenye mfuniko, akaenda barabarani. Mwenye bodaboda aliitwa Mayige, alimfahamu, akamwamkia kama babu yake.

"Mwangaluka, guku. Umebeba mayai?"

"Mwangaluka. Si mayai. Nenda taratibu."

"Basi nitakwenda kama nimembeba askofu."

Hakwenda kama amembeba askofu. Kila shimo Maganga aliikumbatia ndoo kifuani, na kila baada ya mwendo mfupi alimgonga Mayige begani asimame, akafunua mfuniko, akachungulia, akafunika.

"Guku, humo kuna kinachopumua?"

"Twende."

Alimkuta Jenifer barazani, mwanamke wa makamo, mnene, miwani imefungwa kwa uzi wa bluu. Alikuwa amekuja msibani, hivyo hapakuwa na haja ya kujieleza. Alimpa pole tena, akamwekea kiti, akafunua ndoo. Alilitoa sweta, akaligeuza, akafika kwenye donge. Akalinusa.

"Mzee, hapa umefanya nini?"

"Nimezuia."

"Umezuia kweli. Hata mimi sioni pa kupita." Akalibonyeza. "Umelilowesha?"

"Kidogo. Na majivu. Nikavingirisha."

"Kama katani."

"Kama katani."

Jenifer alivua miwani. "Katani ukiilowesha ukaisokota inakuwa kamba. Sufu ukiilowesha ukaisugua inashikana yenyewe kwa yenyewe, kama nywele zisizoona kitana mwaka mzima. Hakuna anayeweza kuitenganisha tena. Ungekiacha kile kitanzi kiteremke, ningekipandisha kwa ndoano, kazi ya dakika. Sasa hili donge ni la kukata."

"Likatwe vipi?"

"Nikate chini yake, nifumue mpaka nipate mistari safi. Kama vidole vinne."

Maganga aliweka vidole vinne juu ya mkono wa sweta, chini ya donge. Vilifunika asubuhi ile yote. Vilifunika na jioni ya kabla yake, walipokaa uani na mwezi ukatoka.

"Hapana," alisema.

"Basi hutalivaa."

"Sikuja nipate la kuvaa. Nilikuja ulifungue."

Jenifer hakubishana. Mkasi ulikuwa mezani kando yake, na Maganga hakuuondolea macho. Alilirudisha sweta mapajani kwake, akaliwekea mikono yote miwili. Moyo wake ulikuwa unakimbia. Akafikiri, hivi ndivyo ulivyokuwa wa mwenzangu, amekaa tu na unakimbia.

"Kwa kuwa umekaa," Jenifer alisema, "nisaidie. Hawa wenzangu leo hawajaja." Alikuwa na sweta la mtumba, jekundu, nusu limeshafumuliwa, uzi umerundikana kwenye beseni. Akampa ncha. "Zungusha donge. Usikaze sana, uzi unataka kupumua."

Maganga alilitia sweta lake kwenye ndoo, akaibana ndoo katikati ya miguu, akashika ncha. Mikono iliyosokota katani tangu utoto haikuhitaji kufundishwa kuzungusha. Mwanzo alikaza, Jenifer akamwambia legeza. Akalegeza. Uzi ulipita kwenye vidole vyake mwororo, bila miba, bila vumbi la katani, wenye joto kidogo kama kitu kilichotoka mwilini. Sweta jekundu lilikuwa linapungua upande mmoja, donge linakua upande mwingine, mstari mmoja unakwisha, mwingine unaanza. Magari yakapita. Mwanamke akaja kuuliza bei ya soksi za mtoto, akaondoka. Baada ya muda Maganga aligundua kwamba pumzi yake inaifuata mikono yake, na kwamba hajaitazama ndoo.

Alipogundua hivyo akaitazama upesi, akashtuka, kama aliyemwacha mtu njiani.

"Ipo," Jenifer alisema. "Haijakwenda mahali."

Uzi mwekundu ulikwama. Jenifer akaupokea, akatazama, akatikisa kichwa. "Nimeruka fundo. Narudi kidogo." Akavuta nyuma mistari miwili.

Maganga aliacha kuzungusha.

"Umesemaje?"

"Nini?"

"Hapo ulipofumua. Umesemaje?"

"Nimesema narudi. Hapa hatusemi nafumua, linavunja moyo wa wanaojifunza. Tunasema narudi kidogo."

Maganga alilijua neno lile. Felisita alilisema uani, mara nyingi. Jioni moja alikuwa amemaliza mgongo mzima wa sweta hili hili, kisha akaona kitanzi kimoja kimepinda chini kabisa. Maganga alimwambia aache, nani atakiona, kitakuwa ndani ya koti. Felisita alisema, "Narudi kidogo," akachomoa sindano kwa mkono wake mwenyewe, akavuta. Uzi ulitoka ukilia kwa sauti ndogo kama mvua kwenye majani ya mahindi. Wiki nzima ya kazi ikawa donge. Maganga alikasirika kwa niaba yake. Yeye hakukasirika. Alilala usiku ule usingizi mzuri kuliko siku zote, na asubuhi akaanza upya.

Maganga aliinama, akaifungua ndoo. Alilitoa sweta, akampa Jenifer upande wa donge.

"Kata," alisema. "Lakini kuvuta nitavuta mimi."

Jenifer alikata. Sauti ya mkasi ilikuwa fupi. Donge likaangukia kwenye kiganja cha Maganga, naye akalitia mfukoni mwa shati. Jenifer alitafuta ncha, akaipata, akampa. Maganga aliishika akangoja, kisha akavuta. Kitanzi kikafunguka. Cha pili. Mstari ukaisha, akahisi unavyogeuka pale pembeni, mahali Felisita alipokuwa akigeuza kazi na kunyanyua macho kumtazama. Alivuta polepole kuliko inavyotakiwa. Jenifer hakumharakisha. Alipofika kwenye mistari safi, Jenifer alipitisha spoki kwenye vitanzi kimoja kimoja, na vyote vikakaa.

Uzi uliotoka haukunyooka. Ulibaki na mikunjo midogo midogo, kila mkunjo kitanzi kilichokuwa.

"Nitauosha niutundike na jiwe," Jenifer alisema. "Kesho utakuwa umenyooka."

"Acha hivyo hivyo."

"Utaleta vinundu, mzee."

"Vilete."

Jenifer alimtazama, akavaa miwani. "Basi nani atafuma? Mimi nina oda za shule."

Maganga alizitazama zile spoki alizozinoa mwenyewe. "Nionyeshe," alisema.

Ilimchukua muda kujua, na mara nyingi alirudi Bariadi na ndoo yake. Mayige alikoma kuuliza kilichomo. Vidole vya katani vilikuwa vizito, vilikaza mno, vilipasua uzi. Vitanzi vilimtoroka akabana pumzi mpaka vipatikane. Lakini sasa kimoja kikiteremka hakutafuta majivu. Alikiacha, akachukua ndoano aliyokunjiwa na Jenifer kutokana na spoki ya tatu, akakipandisha, ngazi kwa ngazi. Baiskeli ilianza kupepesuka.

Veronica alimkuta uani hivyo, sindano mkononi, kamba ya ng'ombe imelala pembeni nusu.

"Shemeji," alisema, "kanga nazo tukuletee?"

"Leta. Lakini spoki usiguse."

Veronica alitaka kucheka, akashindwa. Alikaa kwenye mkeka mkabala naye, akainama. "Ile siku sikujua, shemeji."

"Nilijua hujui. Mimi nilijua na nikaharibu zaidi." Akaendelea kufuma. "Nishikie hapa."

Veronica akaushika mkono wa sweta. Sehemu ya Felisita ilikuwa laini, mistari imelala kama shamba lililopandwa kwa kamba. Kuanzia juu kidogo ya kiwiko ilikuwa na vinundu, imejikaza, imepinda kidogo kushoto. Akapitisha kidole pale zilipokutana.

Maganga alinyanyuka, akaingia ndani, akautoa ule uzi kwenye msumari. Ulikuwa umeshika vumbi. Alikuwa akiuogopa siku zote, akiupita bila kuutazama. Sasa alihitaji kujua ni wapi pa kuishia. Alimpa Veronica ncha moja aishikize begani, akatafuta lile fundo, akauvuta ushuke. Fundo halikufika kwenye kifundo cha mkono. Lilibaki juu, wazi kabisa, kama kiganja kizima. Akafikiri amekosea uzi, au panya wameutafuna, au yeye ndiye amebadilika.

"Shemeji," Veronica alisema, "umekunja kiwiko."

Alikuwa amekikunja kweli, hakujijua, kama alivyokikunja asubuhi ile alipochuchumaa mbele ya mkewe, jicho liko mawinguni na roho iko kwenye pamba. Na Felisita, uzi uko mdomoni, alimwambia:

"Nyoosha mkono, Baba Masalu. Nakupima, sikuchinji."